Chati ya namba za Kirumi ya shilingi 5,000: tazameni 49 na 99 kabla hamjalipa

Mimi ni fundi saa, kibanda changu kiko Ngamiani hapa Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili. Namba za Kirumi naziona kutwa kucha, ila sikuwahi kumfundisha mtu mpaka binti yangu Mwanaidi alipoingia darasa la nne na kurudi nyumbani na daftari lililojaa I, V na X. Mama yake akaniambia, "Baba Mwanaidi, mtafutie chati tumbandikie ukutani." Nikapita duka la vifaa vya shule, nikanunua moja kwa shilingi 5,000. Imekaa kwetu mwezi na siku kadhaa sasa, kwa hiyo naisema nikiwa naijua.

Sifa zake zipo. Karatasi ni kubwa, imepigwa laminesheni ya nguvu, chai ikimwagika unapangusa tu. Maandishi ni meusi na manene, nayasoma bila miwani. Namba zimepangwa 1 mpaka 100 kwa safu za kumi kumi, na chini kuna herufi saba na thamani zake: I ni 1, V ni 5, X ni 10, L ni 50, C ni 100, D ni 500, M ni 1000. Mpangilio ule wa kumi kumi nimeupenda sana. Mtoto akishusha macho kutoka 3 kwenda 13, 23 na 33, anaiona III ileile imesimama mwishoni, kinachobadilika ni kile kilichoitangulia. Mwanaidi aliligundua hilo mwenyewe siku ya kwanza, akaja mbio jikoni kumwambia mama yake.

Sasa niseme kilichonikera. Kwenye chumba cha 49 wameandika IL, na kwenye 99 wameandika IC. Aliyechapa alipiga hesabu ya haraka: 50 toa 1, 100 toa 1. Namba za Kirumi haziandikwi hivyo. Herufi ndogo ikitangulia kubwa ili itolewe, I hutangulia V na X tu. X hutangulia L na C tu. C hutangulia D na M tu. Ukitaka 49 unaipasua kwanza: 40 ni XL, 9 ni IX, ukiziunganisha unapata XLIX. Na 99 ni 90 na 9, yaani XC na IX, XCIX. Hakuna njia ya mkato.

Mimi sikuona mapema, na hilo linaniuma. Mwanaidi alikariri chati yake vizuri, akaenda kwenye jaribio la Ijumaa, akaandika IC, mwalimu akamtia kosa kwa wino mwekundu. Alirudi analia. "Baba, si iko ukutani?" Mtoto wa miaka kumi anaamini kilichochapwa na kuuzwa dukani, na ana haki ya kuamini. Nilirudi dukani na chati mkononi. Dada anayeuza alinipokea vizuri, akanitolea nyingine, tukaifungua pamoja pale kaunta: IL na IC zilezile. Zote zimetoka mashine moja. Nikabaki na yangu, nikakata vipande vya karatasi ya gundi, nikaandika XLIX na XCIX kwa kalamu ya maka, nikabandika juu ya makosa.

Jambo la pili ni picha ya saa iliyo kwenye kona ya juu. Mshale mfupi uko kwenye IV, chini yake wameandika "saa nne". Watoto wetu wakitazama saa ya ukutani mshale mfupi ukiwa pale wanajua ni saa kumi. Wanasoma namba iliyo mkabala: mshale uko VII, ng'ambo yake kuna I, basi ni saa moja. Ukiwa IX, ng'ambo yake III, saa tatu. Chati ya kuuzwa kwetu ingelieleza hilo kwa mstari mmoja. Tena saa yetu ya sebuleni ina IIII, haina IV, na Mwanaidi akaniuliza ipi imekosea.

Hapo nilimshushia saa, nikamwekea mezani. Nikamwonyesha kuwa kwenye uso wa saa namba nne za mwanzo zina I tupu, nne zinazofuata zina V, nne za mwisho zina X. Nikamwonyesha pia VI ilivyo pale chini: kwenye saa nyingi namba zimeelekezwa katikati, kwa hiyo VI imepinduka, na mtoto asiyezoea huona I imetangulia V akadhani ni nne. Ikiwa nne yenyewe ni IIII, huwezi kuzichanganya. Wala si uzembe wa mafundi. Warumi wenyewe waliandika hivyo. Juu ya mlango wa 44 wa Colosseum, uwanja wao wa kale wa michezo kule Roma, pamechongwa XLIIII. Nikamwambia, shuleni andika IV, ukikuta IIII kwenye saa usiogope.

Kilichomfungua akili zaidi ya chati ni kiberiti. Nilimwaga njiti mezani, nikavunja vichwa vyote kwanza. Njiti moja ni I, mbili zikikutana chini ni V, zikipishana ni X, moja imesimama na moja imelala ni L. Kwa C na M tulitumia uzi wa mama yake. Nikamtajia mwaka wa Muungano, 1964. Akaupasua: 1000 ni M, 900 ni CM, 60 ni LX, 4 ni IV. MCMLXIV ikakaa mezani. Kisha akataka mwaka wa mama yake, 1988, ikatoka MCMLXXXVIII, herufi kumi na moja, na wa kwake, 2015, ukatoka MMXV, herufi nne tu. Alicheka mpaka mdogo wake akaamka. Chati inaishia 100, kwa hiyo miaka yote hii haimo, ingawa D na M zimetajwa pale chini bila mfano hata mmoja.

Je, ninunue tena? Kwa maandishi yale na karatasi ile, ndiyo, wakisharekebisha. Kwa sasa, mzazi mwenzangu, ifungue dukani kabla ya kutoa hela, tazama 40, 49, 90 na 99. Ukikuta XL, XLIX, XC na XCIX, chukua. Ukikuta IL, iache, au nunua ukiwa tayari na karatasi ya gundi.

Upande wa nyuma ni mweupe, na hapo ndipo Mwanaidi anapofanyia kazi siku hizi. Juzi aliigeuza chati, akaanza CI kwa kalamu ya maka. Jana usiku nilipofunga mlango alikuwa amefika 149. Ameandika CXLIX.