Rasa kwenye duka la pembejeo Mbeya: uchambuzi wa entiti maalumu kwa Kiswahili cha wateja wetu

Karibuni tena wadau. Shikamooni wakubwa, na vijana wenzangu mambo vipi. Leo nachambua Rasa, ile programu huria ya kutengeneza chatboti, yaani programu inayojibu meseji za watu yenyewe, na sitaigusa yote. Tutakaa kwenye entiti maalumu tu, maana hapo ndipo chatboti ya huduma kwa wateja inapofaulu au kufeli. Nimeifunga kwenye duka la pembejeo hapa Mwanjelwa, duka ambalo simu yake haipumziki kuanzia Oktoba watu wanapojiandaa na mvua.

Kwa wanaoanza, niseme haraka. Mteja akiandika "DAP mifuko mitatu bei gani, nipo Uyole", chatboti inatakiwa kujua anataka nini, yaani anauliza bei. Hiyo ni intenti. Halafu inatakiwa ivichomoe vitu vilivyomo ndani ya swali: DAP, mifuko mitatu, Uyole. Hizo ni entiti. Tarehe, namba na barua pepe zina vichomoaji vilivyotengenezwa tayari, unaviunganisha tu. Majina ya mbolea za Mwanjelwa hakuna aliyekutengenezea. Utayatengeneza wewe.

Kitu cha kwanza ninachoisifia Rasa: haikulazimishi uwe na modeli (ile sehemu ya programu inayojifunza kutokana na mifano) iliyofundishwa lugha yako kabla. Usanidi wake wa kawaida unajifunza kutokana na mifano unayoipa, na unalitazama kila neno pia kwa vipande vya herufi, kuanzia herufi moja hadi nne. Kwa Kiswahili hiyo ni neema kubwa. "Nauliza", "naulizia" na "tulikuwa tunauliza" zina vipande vinavyofanana, kwa hiyo huhitaji kuandika kila umbo la kitenzi. Ndiyo maana hata mteja akikosea herufi moja au mbili, mara nyingi bado anaeleweka.

Sasa tazama hapa kwenye skrini, kwenye faili la mifano. Unaandika sentensi kama mteja alivyoiandika, halafu unatia alama:

nahitaji [dapu](mbolea) [mifuko 3](kiasi) nipo [Uyole](mahali)

Mabano ya mraba yanashika neno la mteja, mabano ya duara yanataja entiti. Basi. Dada wa dukani ambaye hajawahi kuandika programu anaweza kukutilia alama hizi jioni moja, na atazitia vizuri kuliko wewe, kwa sababu yeye ndiye anayezijibu hizo meseji kila siku. Na mifano ichukueni kwenye meseji za kweli, mkishafuta majina na namba za simu za wateja. Ukikaa mezani ukatunga, utaandika "Ningependa kufahamu bei ya mbolea", na hapa Mbeya hakuna mkulima anayeandika hivyo. Anaandika "dap sh ngp".

Hapo kwenye alama kuna jambo la kuangalia. Alama yako lazima ianze na kuishia pale neno linapoanza na kuishia. Mteja ameandika "50kg" bila nafasi, wewe ukaweka mabano kwenye 50 peke yake, Rasa itakupa onyo wakati wa kufundisha kwamba alama haikulingana na neno. Usilipuuze onyo hilo. Weka mabano kwenye "50kg" yote, kisha kutenganisha namba na kipimo kufanyike baadaye kwenye msimbo wako, yaani maagizo ya programu unayoyaandika mwenyewe.

Tuje kwenye visawe, na hapa naomba mtulie kidogo. Unaweza kuiambia Rasa kwamba "yurea", "uria" na "urea" zote zirudi kama UREA. Vizuri sana. Lakini orodha ya visawe haichomoi kitu. Inabadilisha tu jina la kitu ambacho tayari kimeshachomolewa. Ukiandika "uria" kwenye orodha ya visawe peke yake, bila kuliweka kwenye mifano ya kufundishia, usitegemee neno hilo litaonekana. Liweke sehemu zote mbili. Maelezo rasmi yanalisema hili, ila ni rahisi kulipita, na nadhani lilistahili kuandikwa kwa herufi kubwa.

Halafu si kila kinachofanana ni kisawe. Wateja wetu wengi wanaomba "mbolea ya kupandia" au "ya kukuzia". Kishawishi ni kufanya "kupandia" iwe DAP na "kukuzia" iwe UREA. Mimi nasema hapana. Kuna NPK za kupandia pia, na CAN inakuzia. Mkulima wa viazi kutoka Umalila akiandika "ya kupandia", chatboti ikamwekea DAP bila kumuuliza, umemchagulia mbolea ya shamba lake. Tengeneza entiti ya pili, iite matumizi, na chatboti ikikuta matumizi yapo lakini jina la mbolea halipo, imtajie zilizopo dukani achague mwenyewe.

Namba nazo zina mambo yake. 46 inaonekana kwenye mfuko wa UREA, kwa sababu ina asilimia 46 ya naitrojeni, na inaonekana kwenye DAP, ambayo ni 18-46-0. Mtu akiandika "urea 46", hajaagiza mifuko 46. Tia mifano ya namna hiyo ya kutosha, ukiweka alama ya mbolea kwenye "urea 46" yote kwa pamoja.

Na saa! Duka linapeleka mzigo, kwa hiyo mteja anataja saa ya kupokea. Vichomoaji vingi vya muda vinahesabu saa kwa mtindo wa Kizungu, na mteja wako akisema saa 2 asubuhi anamaanisha 08:00. Hapa nilitengeneza entiti mbili, saa na kipindi, halafu hesabu nikaiweka kwenye msimbo. Asubuhi, mchana na jioni ongeza 6. Usiku na alfajiri ongeza 18, ikizidi au kufika 24 toa 24. Saa 4 usiku inakuwa 22:00, saa 10 alfajiri inakuwa 04:00. Sasa jaribu saa 12 asubuhi: ukiongeza 6 unapata 18:00, yaani gari la mzigo litafika Tukuyu jioni wakati mama wa watu anasubiri tangu kunapambazuka. Kwa hiyo saa 11 na saa 12 za asubuhi zihesabu kama alfajiri.

Bei za maneno, kama "laki na ishirini", nazo utazishughulikia mwenyewe kwa msimbo. Namba za simu ni nyepesi: unaandika ruwaza, yaani umbo ambalo namba lazima ifuate, moja ya tarakimu kumi inayoanza na 06 au 07, na nyingine ya wanaoanza na +255.

Majina ya mahali niliyaweka kwenye orodha rejea, yaani orodha ya maneno ambayo Rasa inayatafuta kama yalivyo: Mbalizi, Uyole, Iyunga, Tukuyu, Kyela, Tunduma, Makambako. Ukiiruhusu orodha hiyo ichomoe moja kwa moja huku modeli nayo inachomoa, jina moja linaweza kurudi mara mbili. Chagua mmoja afanye kazi hiyo. Kwa majina yasiyobadilika napendelea orodha, kwa mbolea napendelea modeli, kwa sababu ya tahajia za watu.

Hukumu yangu. Kama una mtu anayeijua Python, lugha ya kuandikia programu, kidogo, Rasa huria inafaa kabisa kwa duka, chama cha ushirika au kampuni ya mabasi. Leseni hailipiwi, na meseji za wateja zinabaki kwenye seva yako, jambo ambalo kwangu lina uzito mkubwa. Angalieni toleo la Python tu: Rasa 3.6 inakwenda na 3.8 hadi 3.10, mpya zaidi ya hapo haikubali. Na mjue kampuni yenyewe sasa imeelekeza nguvu kwenye bidhaa zake zinazotumia modeli kubwa za lugha. Kama huna mtu wa msimbo kabisa, usianze na hii.

Kabla hujaiwasha kwa wateja, tenga sehemu ya meseji ambazo modeli haijaziona, uipime nazo, na usome jibu la kila entiti peke yake. Faili langu la mifano liko hapo chini kwenye maelezo. Ndugu zangu wa Njombe, Mafinga na Mbozi, niandikieni kwenye maoni hizi mbolea kwenu mnaziandikaje kwenye meseji, niziongeze kwenye faili.