Gripu mpya za boda: za mpira, za sponji au za kubana kwa boliti? Na namna ya kuzifunga zisizunguke

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo hapa mezani nina gripu, yaani vile vishikio vya mkono kwenye usukani, za aina tatu, zote za usukani wa milimita 22, ambao ndio wa Boxer, TVS na karibu boda zote zinazobeba abiria hapa Dar. Hizi nyeusi ni za mpira mtupu, kama zile pikipiki inazokuja nazo ikiwa mpya. Hizi nene ni za sponji. Na hizi zenye pete za alumini, zinazobanwa kwa boliti, ndizo ambazo vijana wengi mmekuwa mkiniuliza.

Kabla sijasema ipi nzuri, tuelewane kwanza. Gripu ya kushoto ikizunguka ni kero. Ya kulia ikizunguka ni hatari ya maisha, kwa sababu huko ndiko unakovuta mafuta. Uko katikati ya kulipita lori, unazungusha mkono, gripu inazunguka peke yake na injini haiongezi chochote. Au inasogea kwa ndani, inagusana na kasha la swichi, ukiachia mafuta hayarudi. Umebeba mama na mtoto nyuma. Kwa hiyo mimi gripu siipimi kwa rangi wala kwa ulaini, naipima kwa namna inavyoshika.

Nianze na sponji, maana sina mengi. Mkononi ni laini kweli na inapunguza mtetemo, dereva anayeshinda barabarani ataipenda wiki ya kwanza. Lakini inanyonya maji. Masika yakianza utakuwa umeshika kitu kilicholoa tangu asubuhi, na ukiivuta mara kwa mara inachanika kule mwisho. Kwa boda ya kazi siipendekezi.

Za boliti zinavutia, na upande wa kushoto zinashika vizuri sana: pete inabana chuma cha usukani, kazi imeisha. Tatizo liko kulia. Angalieni hapa, nasogeza kamera. Upande wa kulia gripu haikai juu ya chuma, inakaa juu ya hili bomba la plastiki linalozungushwa na kuvuta kebo ya mafuta. Ukikaza boliti sana, pete inaliminya bomba, bomba linaukumbatia usukani, na mafuta yanakuwa mazito kuvuta na mazito kurudi. Ukilegeza, gripu inateleza. Kuna seti zinazokuja na bomba lake jipya, lakini lazima mdomo wa kebo ulingane na wa pikipiki yako, la sivyo halifungi. Kama unazitaka, mtafute fundi mtulivu, na kaza kidogo kidogo huku unajaribu.

Sasa hizi za mpira. Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi, ila ukizifunga sawasawa. Kwanza, kwenye pakiti zinafanana, lakini tundu la kulia ni pana kuliko la kushoto kwa sababu linavaa lile bomba. Ziweke mdomo kwa mdomo kama hivi, mnaona tofauti? Dukani pale Kariakoo zitoe kwenye pakiti uzitazame kabla ya kulipa. Ukiuziwa pea ya kulia tupu, ya kushoto itacheza siku zote na hakuna gundi itakayoisaidia.

Ya zamani usiivute kwa nguvu. Kama huihitaji tena, ichane kwa wembe, taratibu upande wa bomba la plastiki usije ukalikata. Kisha msasa mwepesi kwenye chuma kuondoa kutu na gundi kuukuu, futa kwa kitambaa chenye spiriti, acha pakauke kabisa.

Halafu kuna hii tabia ya kupaka oili au grisi ili gripu iingie kirahisi. Naomba tuiache. Inaingia kweli, na kwa njia hiyohiyo itazunguka kesho, kwa sababu oili haikauki. Maji ya sabuni nayo yanakaa humo ndani muda mrefu. Supaglu inashika haraka mno, gripu inaweza kukwamia nusu ya safari, na ikikauka inakuwa kavu kama kioo, mtetemo unaivunja. Mimi natumia gundi ya mpira, ile ya mafundi viatu, au gundi ya gripu yenyewe ukiipata. Ikiwa mbichi inateleza, ikikauka inashika.

Kulia, fungua kasha, toa bomba nje ndipo upake. Hii si mbwembwe. Gundi ikichuruzika kati ya bomba na usukani, umegandisha mafuta ya pikipiki yako kwa mkono wako mwenyewe. Paka safu nyembamba, sukuma gripu huku unazungusha, futa inayotoka, acha ilale usiku mzima. Ukilirudisha bomba, acha nafasi ya milimita moja au mbili kati ya gripu na kasha.

Na kwa boda inayoshinda juani na mvuani, ongeza waya. Gripu hizi zina mifereji miwili midogo, mmoja karibu na kasha, mwingine kule mwisho. Waya usioshika kutu wa milimita 0.8 unatosha, ule wa kufungia nondo unaoza. Zungusha ndani ya mfereji, shika ncha zote mbili kwa plaizi, sokota mpaka uuone unazama kidogo kwenye mpira. Simama hapo, ukizidisha utakatika au utaukata mpira. Bakiza kipande kifupi, kikunje kielekee ndani ya mpira, kikae upande wa chini ambako vidole na kiganja havikigusi. Pitisha kidole juu yake: kikikwaruza, kikunje tena.

Kisha kipimo, na hiki usikiruke hata kama abiria anasubiri. Injini ikiwa imezimwa, vuta mafuta mpaka mwisho, achia. Lazima yarudi yenyewe kwa kishindo. Kata usukani wote kushoto, rudia. Wote kulia, rudia. Halafu weka stendi kubwa, gia nyutro, washa, kata usukani huku na huku bila kugusa mafuta. Injini ikipandisha sauti, kebo inavutwa mahali au imebanwa, na pikipiki hiyo isitoke uani mpaka uipate sababu.

Kwa hiyo kwenye boda hii nafunga za mpira, gundi na waya pande zote mbili. Video ijayo naifungua kebo ya mafuta yenyewe, maana wengi mmeniandikia kwamba mafuta yanarudi polepole hata kwenye gripu za zamani.