Kununua trela la hema Marekani: anza na gari lako

Wenzetu wengi hapa Marekani, watoto wakishafika watatu, hununua gari la familia kama Toyota Sienna au Honda Odyssey. Joto likianza tu utawasikia wakiulizia trela la hema, lile ambalo barabarani ni kisanduku kifupi, ukifika kambini unazungusha mkono wa winchi, paa linapanda, vitanda vinavutwa pande mbili na turubai linajitandaza. Swali lao la kwanza huwa ni bei. Mimi huwajibu kwa swali jingine: gari lako linavuta kiasi gani?

Jibu limo kwenye kitabu cha gari. Sienna na Odyssey huvuta hadi pauni 3,500, yaani kama kilo 1,590. Highlander ya silinda sita ni 5,000. CR-V ni 1,500 tu, na RAV4 nyingi za petroli ni hivyo hivyo, isipokuwa zile za matoleo ya Adventure na TRD Off-Road. Mwenye CR-V akiniambia amepata trela zuri la pauni 2,000 kwa bei poa, namwambia aliache hapo lilipo.

Tena uzito anaokutajia muuzaji ni wa trela tupu. Galoni moja ya maji ni zaidi ya pauni 8, kwa hiyo tangi la galoni 20 ni karibu pauni 167. Mtungi mdogo wa gesi ukijaa unakaribia 37. Weka betri, masufuria, mablanketi, jiko la nyama choma na kreti za soda (sisi hatujui kusafiri na vitu vichache), utashangaa trela la 2,000 limefika 2,600. Tafuta kibandiko cha kiwandani kwenye ubavu wake wa kushoto, kwa mbele. Kinaonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa, na hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na gari lako. Kumbuka pia kwamba asilimia 10 hivi ya uzito wa trela huegemea nyuma ya gari, na inahesabiwa pamoja na abiria kwenye mzigo ambao gari linaruhusiwa kubeba. Sienna yenye watu saba huenda imeshashiba kabla hujaunganisha kitu. Breki za trela nazo ziangalie: majimbo mengi huzidai kuanzia pauni 3,000, California kuanzia 1,500.

Ukishapata namba ya gari lako, matrela mimi nayapanga hivi, kuanzia ninalolipendekeza zaidi.

La kwanza ni la mtumba la sanduku la futi 10 au 12, lenye umri wa miaka mitano hadi kumi na mbili, lililokuwa likilazwa ndani ya gereji. Kwa dola elfu nne hadi nane familia inalala vizuri, na hasara kubwa ya thamani ameshaibeba mmiliki wa kwanza.

La pili ni lenye kuta ngumu linalosimama kama paa la nyumba, kama yale ya Aliner. Ni jepesi na husimama kwa dakika chache. Tena kambi ya Fishing Bridge kule kwenye hifadhi ya Yellowstone hairuhusu kuta za turubai kwa sababu ya dubu, na hili linaingia. Ila ni la watu wawili, watatu wakibanana, na bei yake haishuki kirahisi.

Jipya kutoka dukani, lenye choo na chumba kinachochomoza ubavuni, naliweka la tatu. Ni zuri, lakini ni zito, na siku unayolitoa tu limeshapoteza thamani.

La mwisho ni kuukuu la bei ya kutupa. Hapa nasema kwa uchungu. La kwangu la kwanza nililipata kwa dola 1,900, likinukia manukato ya gari. Nilidhani muuzaji ni mtu wa usafi. Safari ya pili kisigino changu kikazama sakafuni karibu na mlango: mbao zilikuwa zimeoza, na manukato yalikuwa ya kuficha koga. Rahisi ghali, nilijifunza nikiwa nimepiga magoti na msumeno.

Kwa hiyo nenda kulitazama siku ya mvua, ama kesho yake. Lifunguliwe lote mbele yako. Ukiambiwa waya wa winchi umekwama kidogo, aga uondoke. Kanyaga kila pembe ya sakafu kwa kisigino. Papasa kona za paa, kwani mapaa ya zamani ya plastiki hupasuka na kupitisha maji, na vipuri vya baadhi yake ni vya kutafuta kwa tochi: kiwanda cha Somerset, Pennsylvania, kilichotengeneza matrela ya Coleman, kilifungwa 2011. Ingiza pua kwenye turubai, maana kulibadilisha hupita dola elfu moja. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3419 ni wiki ya 34 ya 2019. Likipita miaka sita, hesabu bei ya tairi mpya hata kama kashata zake bado nene. Inua gurudumu kwa jeki ulizungushe. Likikwaruza, beringi zimekauka grisi.

Na hati ya umiliki iwe na jina la huyo aliyesimama mbele yako. Akikwambia ni trela la shemeji yake aliyehamia Texas, rudisha pesa mfukoni.