Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu: kitabu cha watoto ninachowapendekezea mahakimu

Hii ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya hadithi ya Kiingereza ya Lewis Carroll kuhusu msichana Alisi; ilitolewa na Evertype mwaka 2015, na huwekwa rafu ya watoto. Mimi nilikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo, na ningependa kila hakimu mpya aisome.

Anzeni na njiwa. Shingo ya Alisi imerefuka hadi juu ya miti, njiwa anamvamia akipiga kelele kwamba ni nyoka. Alisi anakana, ila kwa kuwa ni mtoto mkweli anakiri kuwa mayai huyala. Imekwisha hiyo! Nyoka hula mayai, wasichana hula mayai, basi wasichana ni aina ya nyoka. Mkishacheka, fikirini ushahidi huu: wezi hutembea usiku, huyu nimemkuta usiku, basi huyu ni mwizi. Ni hoja ileile ya njiwa, na watu hufungwa kwayo.

Mwandishi Lewis Carroll, ambaye jina lake halisi ni Charles Dodgson, alikuwa mwalimu wa hisabati Oxford, na utaalamu huo unaonekana. Upuuzi wake hakuutupa ovyo. Hoja inatembea vizuri, hatua kwa hatua, kisha inaruka hatua moja tu, na hapo ndipo kicheko kinapotoka.

Kesi ya mwishoni ndiyo niipendayo kuliko zote. Kielelezo ni karatasi ya mashairi isiyo na saini. Mshtakiwa anasema hakuiandika, wala jina lake halimo. Mfalme, ambaye ndiye jaji, anamjibu kwamba hapo amezidi kujiharibia: mtu mwema angetia saini. Naye Malkia anataka adhabu itolewe kwanza, uamuzi wa wazee wa baraza uje baadaye.

Kitendawili cha kunguru na meza ya kuandikia kitawaudhi waliozoea kutoa mji ndipo wapewe jibu, maana mtegaji mwenyewe hana jibu. Mizaha inayotegemea maneno ya Kiingereza yanayotamkwa sawa nayo inapungua nguvu, na sioni mfasiri ambaye angeiokoa yote. Mizaha ya hoja haipotezi kitu, kwa sababu hoja mbovu ni mbovu kwa lugha yoyote.

Mnunulieni mtoto wa darasa la tano na kuendelea, msome naye kwa sauti. Kila mnyama akisema “kwa hiyo”, simameni, mwulizeni mtoto hiyo “kwa hiyo” imetoka wapi.