Seti ya silinda ya bodaboda kwenye Honda CG125 ya zamani: silinda safi, vikorokoro vya kutupa

Kwa wanaofufua CG125 za zamani hapa Mwanza, seti ya silinda ya Kichina inafaa kununuliwa, ila usifunge kila kilichomo kwenye boksi. Honda alitoa injini hii mwaka 1976, na pikipiki nyingi za Kichina zenye fimbo za valvu (vijiti vinavyosukuma valvu) zimeigwa kwake. Ndiyo maana spea zake zipo kuanzia mjini mpaka Igoma.

Nenda dukani na venia, kile kipimo cha milimita. Pistoni ya saizi ya kawaida ni mm 56.5, pini yake mm 15. Ukipewa ya injini ya cc 150 kwa maneno ya "hii ina nguvu zaidi", irudishe: ile ni mm 62, na shingo ya silinda haiingii kwenye kasha la krenki bila kuchongwa.

Silinda yenyewe haina neno. Tatizo ni unga wa chuma uliobaki kiwandani. Petroli haiutoi, inaondoa mafuta tu. Sugua kwa brashi, sabuni na maji ya moto hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, kausha, kisha paka oili hapo hapo. Kwa unyevu huu wa ziwa, kutu haichelewi.

Pete usiziamini kwa macho. Sukuma moja moja ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni, upime mwanya: mm 0.15 hadi 0.35. Ukiwa mdogo, piga tupa ncha taratibu, la sivyo pete ikipata moto ncha zinagongana na kuchana silinda. Miachano ya pete itawanye, na alama ya IN iliyo juu ya pistoni itazame kabureta.

Klipu za pini na gasketi za karatasi ndizo za kutupa. Klipu ikilegea, pini inatoka na kula ukuta wa silinda. Nunua nzuri, bei yake si kitu. Fimbo za valvu zibingirishe juu ya kioo, iliyopinda utaiona inarukaruka.

Tepeti, yaani mwanya wa valvu, ni mm 0.08, zote mbili, injini ikiwa baridi na alama ya T ya sumaku imekaa sawa kwenye mgandamizo. Plagi ikija na masizi meusi makavu, usikimbilie kulaumu pete: tuko juu ya mita 1,100, hewa ni nyepesi. Jaribu jeti kuu ya kabureta ya saizi moja chini.

Kuizoesha injini ikiwa na silinda mpya, acha kwanza mlima wa Bugando. Barabara ya Kisesa hadi Magu inatosha, huku ukibadilisha resi, usiishike sehemu moja. Oili ya kwanza imwage mapema, maana injini hii haina filta ya karatasi. Ina chujio la wavu na kile kikombe kinachozunguka na krenki.

Silinda ya asili usiiuze kwa chuma chakavu. Kama haijapasuka, inachongwa na kuvaa pistoni iliyozidi saizi ya kawaida kwa mm 0.25, na kwa anayetaka pikipiki ibaki Honda kamili, hiyo ndiyo njia.