Ubao wa mbinu wa sumaku: unafaa wapi, unakwama wapi

Ubao huu wa kukunja wa makocha wa soka, wenye jalada la ngozi bandia na zipu, unapatikana katika maduka ya vifaa vya michezo Kampala. Ndani kuna uwanja uliochorwa, urefu wake sentimita 45 hivi, sumaku 11 za rangi moja na 11 za rangi nyingine, kisumaku kinachosimama badala ya mpira na kalamu ya kufutika. Bei ni ya kupatana. Kabla ya kulipa, simamisha ubao wima uutikise. Sumaku zikiteleza ukiwa dukani, kando ya uwanja wenye upepo hazitakaa.

Kinachosahaulika zaidi ni vipimo. Uwanja kamili wa soka ni mita 105 kwa 68, kwa hiyo sentimita moja ubaoni ni kama mita 2.3. Sumaku yenye upana wa sentimita 2 inafunika karibu mita 5 za nyasi! Ukigusanisha ya beki na ya mshambuliaji, wachezaji watadhani mtu amekabwa, kumbe kwa nafasi hiyo mshambuliaji anageuka na kupiga. Tumia ubao kuonyesha umbo la timu: mstari wa mabeki uko wapi winga akipoteza mpira, namba 6 (kiungo mkabaji) anaziba pengo lipi. Ukabaji wa mtu kwa mtu ufundishe uwanjani.

Ubao pia unapima nani anausoma mchezo. Panga shambulio la kweli, timu zote mbili, waonyeshe kwa sekunde 5, funika, kisha mmoja apange upya. Mzoefu hurudisha kwa mafungu: mabeki wanne kama mstari mmoja, viungo kama pembetatu. Mgeni huanza na mpira, kisha anabahatisha mmoja mmoja. Wanasaikolojia Chase na Simon walionyesha jambo hilo kwenye sataranji mwaka 1973: mabingwa walikumbuka vizuri sana mipangilio ya michezo halisi, lakini vipande vilipotawanywa ovyo ubora wao ulikaribia kutoweka. Kwa hiyo usipange sumaku kiholela. Utampima hata mkongwe vibaya.

Kasoro yake kubwa ni kwamba sumaku hazionyeshi muda. Mchezaji anaweza kueleza mtego wa kuotea (mabeki kupanda pamoja ili mshambuliaji abaki nyuma yao) bila kosa, halafu kwenye mechi akapanda nusu sekunde baada ya wenzake na kumweka mshambuliaji huru. Kujua na kutenda ni vitu viwili, na ubao unagusa cha kwanza tu. Dakika 5 za ubao zifuatwe papo hapo na zoezi la washambuliaji 6 dhidi ya mabeki 4 kwenye nusu uwanja, kwa kasi ya mechi. Ukimaliza, uliza: uliangalia nini kabla mpira haujakufikia? Asiye na jibu hana haja ya kuchorewa mishale zaidi ubaoni. Watoto wa chini ya miaka 10 waache wacheze. Kwao ubao ni kichezeo.

Makocha wa netiboli wamesahaulika kabisa, na hii ni nchi ambayo She Cranes, timu ya taifa ya netiboli ya Uganda, walimaliza nafasi ya 5 kwenye Kombe la Dunia 2023. Uwanja wao ni mita 30.5 kwa 15.25, na mlinzi lazima awe angalau mita 1.2 kutoka kwa mwenye mpira. Ukichora uwanja huo kwa urefu uleule, sumaku mbili zinazogusana tayari ni mita 1.4. Namba nazo hazisaidii, kwa sababu nafasi za netiboli hutajwa kwa herufi. Bandika karatasi zenye GS, GA, WA, C, WD, GD na GK juu ya vifuniko vidogo kuliko sumaku, uvitumie badala yake.

Matunzo ni rahisi. Wino ulioachwa juani hugoma kufutika: pitisha kalamu ileile juu yake ufute kabla haujakauka, au tumia spiriti kidogo. Vumbi jekundu hukwaruza uso, kwa hiyo futa kwanza kwa kitambaa chenye unyevu. Ukibebwa kwenye boda bila kufungwa zipu, sumaku humwagika njiani. Zile zenye namba za kuchapwa juu hufutika. Chagua zilizochongwa, au funika kila moja kwa selotepu siku ya kwanza. Seti nyingi hazina rangi ya kipa, kwa hiyo zungushia mbili tepu nyeusi.

Kwa timu ya sekondari au ya klabu ya mtaani, nunua. Ukubwa wa sentimita 30 uache dukani: ukiwa na wachezaji 18 wamekuzunguka, walio nyuma hawaoni kitu.