Niliomba ncha kali, nikachanganyiwa na butu: uzoefu wangu na duka la risasi mjini

Kama una leseni yako ya silaha, unatafuta risasi za kuwindia hapa Dar, na mtu akakuelekeza duka fulani mjini kati lenye kaunta ya kioo na feni inayolia juu, nisomee kwanza kabla hujapanda daladala.

Shida yangu ilikuwa ndogo. Mgeni wangu wa zamani, Mmarekani tuliyehangaika naye na nyati msimu fulani, amenialika Alaska kuwinda kondoo wa porini, wale weupe wa milimani waitwao kondoo wa Dall. Sehemu nyingi za huko msimu unafunguliwa Agosti 10 na kufungwa Septemba 20. Dume halali ni yule ambaye pembe yake imezunguka duara zima, au pembe zote mbili zimekatika ncha, au ametimiza miaka 8. Maana yake unapanda na kushuka miamba kutwa nzima ukitafuta mmoja tu, na ukimwona huenda yuko mita 300 ng'ambo ya bonde, upepo unavuma. Mnyama mwenyewe hamzidi kongoni. Hahitaji mzinga. Anahitaji risasi inayofika mbali bila kushuka sana, kwenye bunduki ambayo mabega yako yatakubali kuibeba.

Nikamweleza hayo kijana wa kaunta. Simu mkononi, macho hayainuki.

“Kondoo?” Akamgeukia mwenzake. “Hebu njoo usikie, huyu mzee anataka risasi ya kondoo.” Wakacheka. “Mzee wangu, kondoo si wapo mnadani Pugu? Unamshika sikio, unaondoka naye.”

Sikatai, na mimi nilicheka. Lakini utani ulipoisha, dharau haikuisha. Akanitolea .375 H&H ya greni 300 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi, kumi na tano na kidogo ndiyo gramu moja) na kunigongea kwenye kioo: chukua hii, nzito ndiyo yenyewe. Nimeshinda na .375 begani miaka na miaka, kwa nyati siibishii. Kwa kondoo wa mlimani ni mzigo wa bure. Nikamwambia hapana. Akaleta .300 Winchester Magnum. Hiyo kweli inafika mbali, lakini bunduki sinayo, na teke lake si la kulizoea wiki mbili kabla ya safari.

Ninayo .30-06 yangu. Ni risasi ya mwaka 1906, na bado inakula sahani moja na hizi za juzi. Najua wenye kondoo wao Marekani wanaapia .270 Winchester, iliyotoka 1925 na kupigiwa debe na mwandishi wa uwindaji Jack O'Connor karibu maisha yake yote. Ni risasi nzuri, greni 130 zake zinaruka vizuri sana. Ila mtu hanunui bunduki mpya kwa mwaliko mmoja. Nikaomba .30-06, greni 180, kichwa laini chenye ncha kali, maboksi kadhaa ya aina moja. Nilirudia “aina moja” mpaka mwenzake akaguna. Risiti ya EFD ikatoka, imeandikwa vizuri kabisa: 180.

Kwenye shabaha, boksi la kwanza lilikuwa safi. Nikarekebisha darubini, mita 200 risasi zikawa zinatua pamoja. Nikafungua la pili. Boksi lilelile, maandishi yaleyale, 180, lakini ndani vichwa ni butu, duara kama ncha ya kidole gumba, madini ya risasi, meusi, yamejitokeza mbele. Nikajaribu chache: zote zimetua chini, kiganja kizima.

Nikarudi dukani siku hiyohiyo. Kabla ya kufika kaunta nikakutana na fundi wao, mzee anayekaa chumba cha nyuma na mashine yake. Shikamoo, marahaba, nikamwonyesha. Hakusema neno. Akachomoa kichwa kimoja kwenye ganda, akamwaga baruti kwenye karatasi, akakiweka kile kichwa kwenye mizani ndogo kama za masonara. Gramu 14.2. “Hii ni 220,” akasema. Ya 180 isingefika hata gramu 12. Maana yake kuna mtu aliyezitoa kwenye boksi lake na kuzipanga kwenye boksi la 180, na mtu huyo hakuwa mtoto wangu.

Tofauti si ndogo. Greni 180 inatoka mdomoni mwa bunduki kwa kama mita 820 kwa sekunde. 220 ni kama 730, na ubutu wake unaila kasi njiani. Msituni, mita 60, nguruwe kichakani, 220 butu ni risasi ya heshima. Ng'ambo ya bonde inapita chini ya tumbo la kondoo, au mbaya zaidi, inamvunja mguu na anakwenda kufia usipoweza kumfuata.

Nikaenda kaunta na mizani ya mzee bado iko kichwani mwangu. Kijana akaangalia boksi, akaonyesha kibao ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi. Nikamwambia mdogo wangu, hii si mali niliyonunua. Akajibu, na hapa ndipo niliposhika kaunta kwa mikono miwili: “Sasa mzee, kwani kondoo atajua?”

Mtu anauza risasi. Risasi! Si vitenge vya Kariakoo kwamba rangi ikikosewa utamshonea shangazi. Leo kachanganya uzito, kesho atachanganya kaliba, yaani unene wa risasi, na hapo kinachopasuka si shabaha, ni bunduki usoni mwa mtu. Na ndiye mshauri wa wanunuzi! Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu haiwezekani kutoa sifuri.

Sasa nikitulia kidogo, yako mawili ya kusema. Mzee wa nyuma alinibadilishia boksi mwenyewe, bila kelele, akafungua kila moja mbele yangu. Akaniongezea na elimu ambayo sikuilipia: ukipiga juu mlimani au chini bondeni, hesabu umbali wa usawa, si ule wa mstari wa macho, la sivyo utapiga juu ya mgongo. Kwa mzee huyo peke yake ningetoa tano. Halafu Alaska kuna dubu wakubwa, na yule mgeni wangu ameniandikia kwamba wapo wanaobeba kitu kizito kwa ajili yao. Kwa hiyo .375 si wazimu mtupu, inaniuma kukiri. Lakini kijana hakuitaja kwa ajili ya dubu, aliitaja kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wake! Nyota tatu nilizokuwa naelekea kutoa nimezifuta. Moja.

Ndege nyingi zinaruhusu kilo 5 tu za risasi kwa abiria, kwa hiyo kila boksi linalokosewa linakula nafasi ya zuri. Kama huna budi kwenda pale, nenda asubuhi, usisimame kaunta, ulizia fundi. Lipa baada ya kufungua kila boksi. Ukiambiwa fundi hayupo, geuza.